Kabla Hujanunua Mota: Historia Fupi ya Kioo cha Gari Njia ya Lushoto

Kabla ya kubonyeza kulikuwa na kusukuma. Zile Land Rover za kitambo, Series I hadi III, hazikuwa hata na mkono wa kuzungushia kioo. Unakishika, unakisukuma pembeni kwenye reli yake, basi. Kwa unyevu wa Usambara, reli hiyo ilijaa tope mpaka ikaota kuvumwani, na fundi wake alikuwa dereva mwenyewe na kijiti.

Marekani walishaanza kubonyeza zamani sana. Packard ilileta vioo vya kupanda kwa umeme mwaka 1940. Lushoto, ile ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, ilisubiri. Biashara ililegezwa enzi za Mwinyi, Mzee Ruksa, aliyeingia Ikulu 1985, na taratibu gari za mtumba za Japani zikajaa barabarani. Sasa kioo kikawa na fyuzi, swichi, waya, mota na kebo. Kijiti hakikusaidia kitu tena.

Na mlima wenyewe hauna huruma. Mombo ni joto, vioo vyote chini. Unapanda kona za ile njia ya kilomita kama 33 hadi Lushoto, ukikaribia Soni ukungu umeshuka, mvua inaanza, na kioo cha abiria kimegoma. Mtu wa watu analowa.

Hapo ndipo mafundi walipoanza kutofautiana. Wa haraka alisema "mota imekufa", hela ikatoka, mota ikabadilishwa, kioo bado kimegoma. Mzuri alianza na masikio. Bonyeza swichi: mota ikiunguruma na kioo hakisogei, umeme upo, tafuta kebo iliyokatika au kishikizo kilichoachia kioo. Vioo vyote vikiwa kimya, anza na fyuzi. Kikiwa kimya kimoja cha abiria, angalia kwanza kitufe cha dereva cha kufungia vioo (wapo waliofunguliwa mlango mzima kwa sababu ya kitufe tu, jamani). Kisha jaribu swichi zote mbili. Kikikubali ya dereva na kukataa ya mlangoni, mota ni nzima, swichi ndiyo mbovu.

Kuna na ugonjwa wa gari za abiria, zile ambazo mlango unafunguliwa kila kituo. Waya zinazopita kwenye ule mpira kati ya mlango na bodi hukatikia ndani, kwa nje huoni kitu. Dalili yake: mlango ukiwa wazi kioo kinacheza, ukifungwa kinagoma. Hapo unaunga waya, hununui mota.

Mota hupimwa mwisho. Inachomolewa soketi, inapewa umeme wa volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Isipozunguka kabisa, haya, imekufa kweli. Ikizunguka, kosa liko kwingine. Ukigeuza zile waya mbili inazunguka upande wa pili, na ndivyo kioo kilichokwama chini kinavyopandishwa pale pale barabarani, vidole vikiwa mbali, abiria akaacha kulowa na safari ikaendelea.