Hesabu za Biashara ni Sehemu ya Amana



Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haizungumzii Sala wala Hija. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu deni: liandikwe pamoja na muda wake, mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wawepo. Kwa hiyo, tunapowasikia baadhi ya ndugu zetu wakisema kwamba daftari la hesabu ni jambo la kidunia lisilomhusu mwanafunzi wa dini, inatupasa turejee kwa waliotutangulia tuone walifanyaje.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha Abdullah na Ubaydullah, wana wa Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.), aliyetawala kuanzia mwaka 634 hadi 644. Walipokuwa wakirejea Madina kutoka Iraq, gavana wa Basra, Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), aliwapa mali ya umma wanunulie bidhaa, waziuze Madina, kisha warudishe rasilimali na wabaki na faida. Umar (r.a.) alipojua kwamba askari wengine hawakukopeshwa hivyo, aliwataka watoe rasilimali pamoja na faida yote. Ubaydullah akatoa hoja kwamba lau mali ingepotea, wao ndio wangelipa. Mwishowe likakubaliwa shauri la kuifanya kuwa qiradh, yaani mudharaba: rasilimali ikarudi pamoja na nusu ya faida, na wao wakapata nusu ya pili.

Tuzingatie kwamba hukumu hiyo isingetekelezeka kama rasilimali na faida zisingetenganishwa kwa hesabu. Na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tuchukue mfano: mtu ametoa shilingi 1,000,000, mwenzake afanye biashara, na faida wagawane nusu kwa nusu. Safari ya kwanza ikaleta hasara ya 200,000, zikabaki 800,000. Safari ya pili ikaleta ziada ya 300,000, zikawa 1,100,000. Je, faida ni ngapi? Asiyeandika atasema 300,000, na mfanyabiashara atachukua 150,000. Lakini mafaqihi wamesema kwamba maadamu mkataba unaendelea na hesabu haijafungwa, faida huziba kwanza hasara ya rasilimali. Basi faida ni 100,000 tu, na fungu lake ni 50,000. Akichukua 150,000, zitabaki 950,000: mwenye mali amepungukiwa, na mwenzake amekula 100,000 zisizo zake, huku akidhani ni halali yake.

Wanazuoni wa baadaye waliiona haja hii. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr huko Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), na akaeleza kwamba amekusudia yale ambayo watu huyahitaji katika mirathi, wasia, ugawaji, kesi na biashara. Katika mlango wa biashara alieleza kuwa kila muamala una namba nne: kipimo, bei yake, kiasi anachotaka mnunuzi, na thamani ya kiasi hicho. Tatu zikijulikana, ya nne hupatikana. Ikiwa kilo 20 za mchele ni shilingi 50,000, na mtu anataka kilo 12, tunazidisha 50,000 kwa 12, tunapata 600,000; tunagawa kwa 20, jibu ni 30,000. Kwa kanuni hiyo hiyo alikokotoa ujira wa kibarua: anayelipwa dirhamu 10 kwa mwezi, akifanya kazi siku 6, haki yake ni dirhamu 2.

Haya si mambo ya wafanyabiashara pekee. Bei isiyojulikana huingiza gharari katika mauzo, na ujira usiojulikana huzaa ugomvi. Mwenye duka asiyejua thamani ya bidhaa zake mwaka unapotimia, vipi ataitoa Zaka yake sawasawa?

Kwa hiyo tunawanasihi maimamu na walimu wa madrasa: mnaposomesha mlango wa mauzo na wa ushirika, wapeni wanafunzi kalamu na daftari, wazitatue mas-ala hizi kwa namba mpaka jibu lipatikane. Nia njema peke yake haimrudishii mwenye haki haki yake iliyopotea katika hesabu mbovu.

Wallahu a'lam.