Chupa ya Dawa Tamu

Msomaji, huenda umepata kutumwa na mama umnyweshe mdogo wako dawa ya maji. Uliitikisa chupa, ukajaza kijiko, naye mtoto akameza upesi kwa kuwa dawa ilikuwa tamu. Hukuuliza kama ilikuwa salama, uliamini tu. Yafaa ujue imani hiyo ilinunuliwa kwa bei gani, na ni akina nani walioilipa.

Zamani waganga hawakuwa na silaha kubwa ya kupigana na vijidudu. Maumivu ya koo, yaanzayo kama jambo dogo, yaliweza kumwua mtoto. Mwaka 1935 Gerhard Domagk, mtaalamu wa Ujerumani, alitangaza dawa iitwayo Prontosil, na mwaka uo huo wataalamu wa Ufaransa wakagundua kwamba nguvu yake imo katika kitu kimoja, yaani salfanilamidi. Watu waliokata tamaa wakapona. Dawa hiyo iliuzwa kwa vidonge na unga.

Lakini mtoto mdogo hawezi kumeza kidonge, na salfanilamidi haiyeyuki vyema majini. Mwaka 1937, huko Marekani, mkemia wa kampuni ya S. E. Massengill iliyokuwa katika mji wa Bristol, jimbo la Tennessee, aliona kwamba huyeyuka katika daiethilini glaikoli. Maji hayo ni matamu, nayo ni sumu. Mchanganyiko huo ukatiwa harufu na ladha ya matunda, ukaitwa Elixir Sulfanilamide. Kampuni ilipima rangi yake, harufu yake na utamu wake. Haikupima kama inaua. Wala sheria ya wakati huo, iliyotungwa mwaka 1906, haikuilazimisha kufanya hivyo.

Mwezi wa Septemba chupa zilisambazwa. Mwezi wa Oktoba madaktari wa mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, walianza kuona jambo la kutisha: wagonjwa walionywa dawa hiyo waliacha kukojoa, wakaumwa tumbo, wakatapika, wakazimia, wakafa. Figo zao zilikuwa zimeharibika. Mama mmoja wa Tulsa, aliyefiwa na binti yake mdogo, alimwandikia Rais Roosevelt barua akimsihi azuie dawa za namna hiyo zisiwaue watoto wa watu wengine. Fikiri, msomaji: mkono uliompa mtoto yule kijiko ulikuwa mkono wa upendo.

Hapo Serikali iliwatuma karibu wakaguzi na wakemia wake wote 239 kuzitafuta chupa hizo, duka kwa duka na nyumba kwa nyumba. Katika galoni 240 zilizotengenezwa, waliokoa 234 na painti moja. Sehemu ndogo iliyosalia ilikuwa imekwisha kunywewa, na watu zaidi ya 100 wakafa, wakiwamo watoto wengi. La ajabu ni hili: kosa ambalo sheria iliweza kulishika halikuwa kuua. Lilikuwa jina. Neno "elixir" lilimaanisha dawa iliyotiwa alkoholi, na dawa ile haikuwa na alkoholi. Kama ingaliitwa jina jingine, chupa zile zisingaliweza kukamatwa kwa sheria.

Tarehe 25 Juni, 1938, Roosevelt alitia sahihi sheria mpya: asiuze mtu dawa mpya kabla ya kuonyesha kwamba ni salama. Na katika Chuo Kikuu cha Chicago, miongoni mwa waliosaidia kuichunguza sumu ile kwa kuijaribu katika wanyama, alikuwako mwanafunzi kijana aitwaye Frances Kelsey. Mwaka 1960, akiwa sasa mkaguzi wa Serikali, yeye ndiye aliyekataa kuidhinisha dawa ya thalidomaidi, ambayo katika nchi nyingine ilisababisha watoto wengi kuzaliwa na viungo pungufu. Hakuwa amesahau alilojifunza.

Usidhani mambo haya yamekwisha. Mwaka 2022, nchini Gambia, watoto wapatao 70 walikufa, na dawa za maji zilizokuwa na sumu ya jamii iyo hiyo zikahusishwa na vifo vyao. Sheria bila mlinzi ni kama ua bila mlango. Huku Kenya mlinzi huyo ni Bodi ya Dawa na Sumu. Kwa hiyo usinunue dawa ya mtoto sokoni wala mkononi mwa mchuuzi.

Lakini yuko mlinzi wa mwisho, naye ni wewe unayeshika chupa. Antibiotiki huua bakteria. Mafua ya kawaida hayaponyi, basi mtoto asipewe ila kwa agizo la mganga. Kipimo hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo masalio ya kaka si dawa ya mdogo wake. Ikiwa ni unga, tia maji safi yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama. Tikisa chupa kila mara. Pima kwa kijiko au bomba la dawa lililotolewa pamoja nayo, si kwa kijiko cha chai. Maliza siku zilizoagizwa hata mtoto akichangamka, na kinachobaki usikiweke akiba. Mtoto akitokwa na vipele, akivimba uso au akihema kwa shida, acha dawa, umpeleke hospitali mara moja.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Watoto wa Tulsa hawakupata wa kuwatahadharisha. Mdogo wako anaye.