Picha za miaka ya 1990 zilienda wapi? Historia ya maktaba ya Landsat

Tuseme tasnifu yako inahusu mikoko ya delta ya Rufiji. Msimamizi wako anataka uoneshe mabadiliko kila baada ya miaka mitano, kuanzia miaka ya 1970 hadi leo. Umejisajili kwenye tovuti ya EarthExplorer (ni bure), umeweka njia 166, safu 65 na 66, umeomba mawingu yasizidi asilimia 20, ukabonyeza kutafuta. Picha za miaka ya 2010 zinamwagika. Za katikati ya miaka ya 1980 unaambulia chache. Halafu unafika 1993, 1995, 1997, na orodha inakauka. Picha za kuhesabu, au hamna kitu.

Wengi wakifika hapa wanadhani wamekosea kutafuta. Wanabadilisha tarehe, wanaongeza asilimia ya mawingu, bando linaisha. Hujakosea. Sehemu kubwa ya picha hizo hazikupotea, hazikupigwa kabisa. Na sababu yake si ya kisayansi, ni ya pesa.

Turudi nyuma kidogo. Setilaiti ya kwanza ya mradi huu ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972, ikiitwa ERTS-1. Jina la Landsat lilikuja baadaye. Ilibeba vifaa viwili vya kupigia picha. Kile kilichotegemewa kilikuwa kamera za aina ya televisheni. Cha pili, kilichowekwa kama nyongeza tu, kilikuwa skana iliyobuniwa na mhandisi Virginia Norwood wa kampuni ya Hughes. Skana hiyo ilitumia kioo kilichotikisika mara 13 hivi kwa sekunde, na kuna waliosema kitu kinachotikisika namna hiyo hakitadumu angani. Kumbe zile kamera ndizo zilizopata hitilafu ya umeme ndani ya wiki chache tu, zikazimwa. Nyongeza ikawa ndiyo kazi yenyewe. Picha yoyote ya Landsat ya miaka ya 1970 utakayopakua, uwezekano mkubwa ni kwamba imetoka kwenye kioo cha mama huyu.

Hapo kuna mtego mdogo. Landsat 1, 2 na 3 zilizunguka kwa mpangilio tofauti na zilizofuata, kwa hiyo namba zao za njia ni tofauti. Ukitafuta miaka ya 1970 kwa kuandika 166, utaletewa sehemu nyingine ya dunia. Achana na namba, chora eneo lako kwenye ramani ya tovuti, uache mashine ijitafutie. Na usishangae picha hizo zikiwa na ukungu ukungu: nukta moja ni kama mita 80 ardhini. Mita 30 tulizozizoea zilianza na Landsat 4 mwaka 1982.

Sasa tuje kwenye pengo lenyewe. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuikabidhi Landsat kwa biashara, na mwaka uliofuata kampuni ya EOSAT ikapewa kazi ya kuuza picha. Hesabu yao ilikuwa kwamba soko lingelipa gharama. Soko halikulipa. Bei ya picha moja kamili ikapanda hadi zaidi ya dola 4,000, na wanasayansi wakakimbia. Mwaka 1989 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba setilaiti mbili zilizokuwa nzima angani, Landsat 4 na 5, zilikaribia kuzimwa kwa kukosa pesa za kuziendesha.

Jiweke kwenye kiti cha kampuni hiyo. Kila picha unayoamuru ipigwe ina gharama. Nani atanunua picha ya mikoko ya Rufiji kwa dola 4,000? Shamba la mahindi la Iowa lina mnunuzi, kisima cha mafuta kina mnunuzi. Kwa hiyo setilaiti ilipita juu yetu kila baada ya siku 16 kama ratiba ilivyotaka, ila mara nyingi haikuombwa kufanya kitu. Mimi naona hilo linauma kuliko picha iliyopotea, kwa sababu iliyopotea unaweza kuota kwamba ipo kwenye kabati fulani.

Kulikuwa na tatizo la pili. Landsat 4 na 5 hazikuwa na kinasa sauti wala kinasa picha cha kutunza walichokiona hadi wafike nyumbani. Ilibidi picha irushwe papo hapo kwenye kituo cha ardhini kilicho karibu, au ipitishwe kwenye setilaiti nyingine ya mawasiliano. Mwaka 1992 Landsat 5 ilipoteza ile njia ya pili. Tangu hapo sehemu isiyo na kituo cha kupokea jirani ikawa haionekani, na eneo letu kwa sehemu kubwa lilikuwa pembezoni. Setilaiti hiyo, iliyotengenezwa ili idumu miaka mitatu, ilifanya kazi karibu miaka 29, hadi 2013. Ilikuwa hai muongo wote wa 1990. Haikuwa na wa kumpa picha.

Nafuu ilianza kidogo kidogo. Sheria ya 1992 iliirudisha Landsat mikononi mwa serikali. Mwaka 1993 Landsat 6 ilirushwa na haikufika hata kwenye mzingo wake, kwa hiyo pengo likaendelea hadi Landsat 7 ya mwaka 1999. Hiyo ilikuja na kinasa chake na mpango wa kupiga picha nchi kavu zote za dunia, ziwe na mnunuzi zisiwe nazo. Ndiyo maana orodha yako inajaa ghafla kuanzia 1999 na 2000. Bei ikashuka hadi dola 600. Bado, niambie mwanafunzi gani wa Morogoro au Eldoret mwenye dola 600 za picha moja. Ukisoma tasnifu za wakati ule utaona nyingi zina picha mbili tu, tuseme ya 1987 na ya 2000, na mstari ulionyooka katikati. Usiwacheke. Ndizo walizoweza kuzipata.

Brazili ilikuwa imeanza kutoa bure picha za setilaiti yake ya CBERS, waliyoitengeneza na China, tangu 2004, na wakaona maombi yanafurika. Mwaka 2008 idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, ikatangaza kwamba maktaba nzima ya Landsat itakuwa bure. Mwaka 2001, ambao ndio uliouza zaidi, zilitoka picha 25,000 hivi. Mwaka 2010 zilipakuliwa kama milioni 2.5.

Namba moja zaidi. Mwaka 2013 Matthew Hansen na wenzake walichapisha ramani ya upotevu wa misitu duniani kati ya 2000 na 2012. Walitumia picha 654,178 za Landsat 7. Kwa bei ya zamani ya dola 600, hizo ni zaidi ya dola milioni 392. Ramani hiyo nayo ni bure, na msitu ulio karibu na kwenu umo.

Sasa kwa tasnifu yako. Kama ulitafuta miaka kadhaa iliyopita ukakosa, tafuta tena: tangu 2010 USGS inakusanya picha zilizobaki kwenye vituo vya kupokea vya nchi nyingine, na orodha ya zamani imekuwa ikiongezeka. Picha za Landsat 7 za baada ya 31 Mei 2003 zina mistari mieusi, kifaa kimoja kiliharibika. Karibu asilimia 22 ya kila picha haipo, ila katikati ni nzima. Chagua miezi ya kiangazi, maana setilaiti hupita saa nne asubuhi na pwani ya masika haina huruma. Ukitaka kwenda nyuma ya 1972, kwenye tovuti hiyohiyo kuna picha za kijasusi za CORONA, zilizoondolewa usiri mwaka 1995. Walikuwa wakitafuta makombora, si mikoko, kwa hiyo Afrika imeguswa hapa na pale tu.

Na kwa ile 1995: kama kweli haipo, andika kwenye sura ya mbinu kwamba haipo na kwa nini. Usichore mstari ulionyooka juu yake.