PostgreSQL: Kusimamia na Kuuliza Kanzidata kwa Mstari wa Amri

PostgreSQL ni programu huria ya kusimamia kanzidata za kihusiano, yaani kanzidata ambazo taarifa zake hupangwa katika majedwali yenye mistari na safu, na majedwali hayo kuunganishwa kwa funguo. Ndiyo inayobeba data za DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kukusanya takwimu za vituo vya afya. Mtumishi wa zahanati anayeingiza idadi ya wagonjwa wa mwezi huona fomu kwenye kivinjari. Msimamizi wa kanzidata huiendea data hiyo kwa mlango mwingine: dirisha lisilo na picha wala vitufe, ambamo kila jambo huandikwa kwa kibodi. Programu inayofungua mlango huo huitwa psql.

Asili yake

Msingi wa kanzidata za aina hii uliwekwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California. Kabla yake, mwandishi wa programu alilazimika kujua data imehifadhiwa wapi na kupitia njia ipi ili kuifikia. Codd alipendekeza kwamba mtumiaji aseme tu anachokitaka, na kazi ya kutafuta njia iachiwe mashine. Mwaka 1974 wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, waliwasilisha lugha ya kuulizia iliyoitwa SEQUEL, ambayo leo hujulikana kama SQL.

PostgreSQL yenyewe ilizaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako Michael Stonebraker alianzisha mradi wa POSTGRES mwaka 1986. Miaka minane baadaye Andrew Yu na Jolly Chen waliiongezea lugha ya SQL, na katika toleo hilo ndimo psql ilimotokea. Jina la sasa lilianza kutumika mwaka 1996.

Kuingia na kutazama

Kuunganishwa na seva huhitaji mambo manne: anwani ya seva, namba ya mlango (kwa kawaida 5432), jina la mtumiaji na jina la kanzidata.

psql -h seva.mfano -p 5432 -U mchambuzi -d afya

Baada ya nywila kukubaliwa, psql huonesha jina la kanzidata na alama ya kusubiri amri. Alama hiyo inafaa kusomwa kwa makini, kwa kuwa hueleza hali ya mambo. Ikiwa ni afya=> aliyeingia ni mtumiaji wa kawaida; ikiwa ni afya=# ameingia mtumiaji mkuu, ambaye hazuiwi na ruhusa yoyote. Ikigeuka afya-> amri bado haijakamilika, na mara nyingi kinachokosekana ni nukta mkato ya mwisho. Ikiwa afya'> kuna alama ya nukuu iliyofunguliwa bila kufungwa. Wanaoanza hudhani mashine imekwama, ilhali inasubiri tu wamalize sentensi.

Amri ni za aina mbili. Za SQL hutumwa kwa seva na huishia kwa nukta mkato. Zile zinazoanza na alama \ ni za psql yenyewe wala hazihitaji nukta mkato: \l huorodhesha kanzidata, \dt majedwali, \du watumiaji, na \q hutoka. Yenye faida kubwa kuliko zote ni \d ikifuatwa na jina la jedwali, kwa sababu huonesha safu, aina ya data ya kila safu, faharasa na funguo zinazoliunganisha jedwali hilo na mengine. Mwenye kuanza na \d kabla ya kuuliza lolote hujiepusha na nusu ya makosa.

Kuuliza, na tatizo la nafasi tupu

Chukuliwe kanzidata yenye majedwali mawili: vituo, lenye namba, jina na wilaya ya kila kituo, na taarifa, lenye namba ya kituo, mwezi na idadi ya wagonjwa wa malaria. Ofisa anataka kujua hali ya wilaya moja kwa mwezi Machi. Swali lake laweza kuandikwa hivi:

SELECT v.jina, t.wagonjwa
FROM vituo v
LEFT JOIN taarifa t ON t.kituo_id = v.id AND t.mwezi = '2024-03-01'
WHERE v.wilaya = 'Kilosa'
ORDER BY t.wagonjwa;

Maneno LEFT JOIN yana uzito hapa. Huiamuru seva irejeshe kila kituo cha wilaya hiyo, hata ambacho hakikuleta taarifa, na mahali pa idadi iwekwe alama ya kutokuwepo, iitwayo NULL. Ikitumika JOIN pekee, vituo visivyoripoti hutoweka kwenye majibu bila onyo lolote. Matokeo ni yale yale sharti la mwezi likihamishwa kutoka ON na kuwekwa chini ya WHERE: kituo kisichoripoti hakina mwezi wa kulinganishwa, hivyo huchujwa. Swali halitoi kosa. Hutoa jibu safi lisilo kamili, na jibu la namna hiyo ndilo hatari zaidi, kwa sababu hakuna anayelitilia shaka.

NULL si sifuri. Zahanati iliyoandika sifuri imesema haikupata mgonjwa wa malaria. Isiyoripoti haijasema kitu. Amri ya count(*) huhesabu mistari yote, bali count(wagonjwa) huhesabu yenye idadi pekee. Wastani unaotolewa na avg nao huviacha nje vituo vilivyo kimya, hivyo wilaya ambayo nusu ya vituo vyake havikuripoti yaweza kuonekana sawa na iliyoripoti kikamilifu. Kutafuta visivyoripoti hufanywa kwa IS NULL. Anayeandika = NULL hapati mstari hata mmoja, maana kisichojulikana hakilingani na chochote, hata na chenyewe.

Jambo moja dogo huwapotosha wengi: psql huonesha NULL kama nafasi tupu, sawasawa na neno lisilo na herufi. Amri \pset null '(hakuna)' huondoa utata huo, na yaweza kuwekwa katika faili la .psqlrc ili ifanye kazi kila mara programu inapofunguliwa.

Kubadilisha data

Kwa kawaida psql huidhinisha kila amri papo hapo. Ofisa anayetaka kurekebisha idadi ya kituo kimoja, akaandika UPDATE na kuweka nukta mkato kabla ya sehemu ya WHERE, hubadilisha vituo vyote vya jedwali zima. Hakuna kisanduku cha kumuuliza kama ana hakika. Programu ya MySQL ina hiari inayokataa mabadiliko yasiyo na sharti, na waliyoiunda waliipa pia jina la pili la utani lenye maana ya «mimi ni mbumbumbu». Psql haina kinga ya namna hiyo.

Kinga yake ni muamala. Amri BEGIN hufungua muamala, na kuanzia hapo mabadiliko huonekana kwa aliyeyafanya peke yake mpaka aandike COMMIT. Baada ya kila badiliko psql hutaja idadi ya mistari iliyoguswa. Aliyetarajia UPDATE 1 akaona UPDATE 6214 huandika ROLLBACK, na data hurudi ilivyokuwa. Katika PostgreSQL hata kufuta jedwali zima kwa DROP TABLE huweza kutenguliwa kwa njia hiyo kabla ya kuidhinishwa, jambo ambalo MySQL hairuhusu.

Muamala usiachwe wazi. Mistari iliyobadilishwa hubaki imefungwa, na watumiaji wengine wanaotaka kuibadilisha hukaa wakisubiri. Aidha, PostgreSQL haifuti toleo la zamani la mstari pale linapobadilishwa. Huandika toleo jipya na kuliacha la zamani lisafishwe baadaye. Muamala uliosahaulika huzuia usafishaji huo na diski huzidi kujaa. Mtazamo uitwao pg_stat_activity huonesha nani ameunganishwa na anafanya nini. Waliosahau miamala huonekana kwa hali ya «idle in transaction». Msimamizi huweza kusimamisha swali linaloendelea kwa pg_cancel_backend, au kukata muunganisho wenyewe kwa pg_terminate_backend.

Kwa maswali yanayochelewa, neno EXPLAIN mbele ya swali huonesha njia ambayo seva imekusudia kuifuata: kama itapitia faharasa au italisoma jedwali lote. EXPLAIN ANALYZE huongeza muda halisi uliotumika, lakini hulitekeleza swali kweli. Likiwekwa mbele ya DELETE, data hufutwa.

Nakala rudufu

Amri ifuatayo hutengeneza nakala ya kanzidata nzima katika faili moja, bila kuwasimamisha watumiaji:

pg_dump -Fc -d afya -f afya.dump

Urejeshaji hufanywa kwa pg_restore. Majina na nywila za watumiaji hazimo katika faili hilo. Huchukuliwa kwa pg_dumpall yenye hiari ya --roles-only.

Tukio la kampuni ya GitLab la tarehe 31 Januari, 2017 limebaki mfano unaorejewa mara nyingi, kwa kuwa kampuni yenyewe ilichapisha maelezo yake yote. Mhandisi aliyekuwa akishughulikia seva ya akiba alifuta folda ya data akiwa, pasipo kutambua, kwenye seva kuu. Alisitisha amri baada ya sekunde chache, lakini kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilibaki takriban 4.5. Nakala za pg_dump zilizodhaniwa kuwepo hazikuwepo: programu iliyozitengeneza ilikuwa toleo la 9.2 ilhali kanzidata ilikuwa 9.6, na pg_dump hukataa kunakili seva ya toleo kuu jipya kuliko lake. Barua pepe za kuarifu hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa, hivyo hakuna aliyejua. Kilichookoa ni nakala ya diski ambayo mmoja wao aliichukua kwa mkono saa sita kabla, na taarifa zilizoingizwa ndani ya saa hizo sita zilipotea.

Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa mahali pa majaribio ni dhana tu.

Ruhusa na siri

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Katika mstari wa amri, utekelezaji huanza na kumpa kila mtu jina lake na ruhusa zisizozidi kazi yake:

CREATE ROLE mchambuzi LOGIN;
GRANT SELECT ON vituo, taarifa TO mchambuzi;

Mchambuzi huyu ataweza kusoma majedwali hayo mawili, wala hataweza kuyabadilisha. Jina la mtumiaji mkuu, ambalo kwa kawaida ni postgres, halifai kwa kazi za kila siku, wala halifai kutumiwa na watu watatu wanaopeana nywila moja, kwani kumbukumbu za seva zitataja jina hilo moja bila kubainisha ni nani aliyefanya nini.

Nywila hubadilishwa kwa amri \password. Ikiandikwa ndani ya ALTER ROLE hubaki ikisomeka katika faili la historia la psql, na huenda ikaingia pia katika kumbukumbu za seva. Kwa kazi zinazojiendesha usiku, nywila huwekwa katika faili la .pgpass lenye ruhusa ya 0600. Likiwa wazi kwa watumiaji wengine wa kompyuta hiyo, psql hulipuuza.