Ningu wa Mito ya Mau: Kumrudisha Kwataka Hesabu, Si Ahadi

Elburgon, kaunti ya Nakuru, ni mji wa baridi na mbao. Ngalawa huzioni huko. Lakini nyanda hizi za Msitu wa Mau ndizo zinazogawa maji: mto Molo hushuka Ziwa Baringo, Njoro huenda Ziwa Nakuru, na upande wa magharibi Sondu huingia Ziwa Viktoria. Katika maji hayo ya magharibi yumo samaki anayekaribia kutoweka, naye ni ningu.

Ningu, ambaye wataalamu humwita Labeo victorianus, hapatikani popote duniani ila bonde la Ziwa Viktoria. Mvua zikinyesha huacha ziwa, akapanda mto kwenda kutaga mayai penye majani yaliyofurika. Safari hiyo ndiyo iliyomponza. Nyavu za kunasa, mfano wa jarife letu, zililetwa ziwani mwaka 1905. Baadaye zikatandazwa kwenye milango ya mito, zikamnasa jike kabla hajataga. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Leo shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka daraja la walio hatarini kabisa.

Taasisi ya KMFRI, yenye makao makuu hapa Mombasa, imekuwa ikimzalisha ningu katika kituo chake cha Kegati, Kisii. Kazi hiyo yastahili pongezi. Hata hivyo, ndugu msomaji, tusichanganye mambo mawili. Vifaranga waliomwagwa mtoni ni juhudi. Samaki aliyerudi mwenyewe kutaga ndiye matokeo. Lengo la kumfufua samaki lafaa lipimwe kwa huyo wa pili.

Lengo la kweli lina nguzo nne:

1. Hesabu ya mwanzo. Ijulikane ni mito ipi bado ina ningu, na wangapi hupanda msimu wa mvua. Bila hiyo, hakuna atakayejua kama tumepanda au tumeshuka.

2. Mito kadhaa, si mmoja. Ukame au sumu ya siku moja yaweza kufuta mto mzima. Na vifaranga watokane na wazazi wa mto uleule, ili mbegu zisichanganyike.

3. Muda. Kwa kanuni za IUCN, kiumbe hashushwi daraja la hatari mpaka miaka mitano ipite bila kutimiza vigezo vya daraja hilo. Msimu mmoja mzuri hautoshi kupigiwa vigelegele.

4. Kuondoa chanzo. Milango ya mito ifungwe kwa nyavu msimu wa kutaga, mabwawa yaache njia ya samaki kupita, na kingo zibaki na majani.

Nguzo hii ya nne ndiyo inayofika Mau. Marufuku ya kukata miti iliyowekwa Februari 2018 ilitangazwa kuondolewa Julai 2023, na tangazo lenyewe lilitolewa Molo, jirani na Elburgon. Watu wa mashine za mbao walifurahi, na haki yao. Mtu hali kivuli cha mti. Lakini mlima ukiachwa wazi, mvua hushuka na udongo, na tope likifunika mazalia, mayai hufa.

Sisi wa pwani jambo hili si geni. Kila msimu wa mvua Sabaki huigeuza bahari ya Malindi kuwa rangi ya chai, kwa udongo uliotoka bara, na mvuvi wa Malindi hakuulizwa.

Basi wanaopanga malengo ya ningu wasikae na wavuvi wa ziwani peke yao. Wawaite pia wakulima na wakata mbao wa Mau, wakubaliane ni hatua ngapi kutoka ukingoni zisiguswe, nani atalinda, na atalipwa nini. Lengo lisilo na nambari, tarehe na mwenye dhamana ni dua tu, na dua nayo yataka mtu amfunge ngamia wake kwanza.