Nani Atawafukuza Ndege?

Ukiuliza mbona Wakenya tunakula ugali wa mahindi na si wa mtama au wimbi, utapewa majibu yale yale. Mzungu alileta. Serikali ilisukuma. Mahindi yanazaa sana. Yote ni kweli. Vibarua wa walowezi na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia walilishwa posho ya unga wa mahindi, na mwaka 1964 Kitale ikatoa mbegu chotara ya 611, ambayo wakulima wadogo waliipokea kwa mikono miwili. Lakini kuna jibu lingine ambalo halipati nafasi kwenye vitabu vya shule: ndege.

Angalia suke la mtama. Punje zote ziko nje, wazi, kama nyanya za mama mboga juu ya gunia. Hindi nalo limevaa koti. Kwelea kwelea ana uzito wa gramu 20 hivi, na anaweza kumaliza gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kidogo, hadi ukumbuke kwamba huwa haji peke yake. Kundi moja laweza kuwa na mamilioni. Kwa hivyo mwenye mtama alihitaji mtu wa kukaa shambani kutoka alfajiri hadi jua litue, kila siku, kwa wiki kadhaa, tangu punje zikiwa na maziwa mpaka zikauke. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo tu: kuamia. Kina pia dungu, lile jukwaa la miti ambalo mlinzi alipanda ili aone shamba lote, na kombeo la kurushia mawe. Watu hawaundi maneno hivyo kwa sababu ya kazi ndogo.

Na kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa ya mtoto.

Mtoto huyo huyo ndiye aliyechunga mbuzi. Kabla ya seng'enge, ua wa shamba ulikuwa kijana wa miaka minane mwenye fimbo. Mbuzi wakiingia kwa jirani wakamaliza kunde, hakuna aliyewalaumu mbuzi, manake mbuzi ni mbuzi. Swali lilikuwa: mtoto alikuwa wapi? Wazee wangekaa, fidia ijadiliwe, halafu mtoto apate yake jioni.

Serikali ya kikoloni ilipoanza kuuliza swali hilo, haikutafuta mtoto. Ilitafuta ng'ombe. Bonde la Ufa, familia za maskwota zilikuwa na mifugo yao kwenye mashamba ya walowezi, na katika miaka ya 1920 mifugo hiyo ikaanza kuondolewa kwa nguvu. Maskwota wenyewe waliita jambo hilo kifagio. Neno moja tu, na unaona boma likifagiliwa. Kisha 1938 ikawa zamu ya Ukambani. Serikali ilisema ng'ombe ni wengi mno na udongo unaisha, ikakamata takriban 2,500 na kuwauza kwa bei ya kutupa. Wakamba wakafunga safari: wanaume, akina mama, watoto, maelfu kwa mguu hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Aliyewaongoza, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini mpango wa kupunguza mifugo kwa nguvu uliachwa. Wewe hupita kwa jina lake ukienda City Market. Hiyo barabara ni ya ng'ombe, bana.

Ua wenyewe uliingia Mkoa wa Kati kwa kasi baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Awali familia ilikuwa na kipande hapa, kingine ng'ambo ya mto, na baada ya mavuno mifugo iliweza kula mabua. Vipande vikaunganishwa wakati wa Hali ya Hatari, watu takriban milioni moja wakiwa wamesukumwa kwenye vijiji vya lazima na wanaume wengi wakiwa kizuizini. Waliotoka kizuizini walikuta mipaka imeshachorwa, na wengine hawakuwa na chao ndani yake. Zikaja hatimiliki, zikaja nyua za kayaba zenye miiba mirefu. Ukiwa na shamba, ua ni usalama. Ukiwa na mbuzi watatu bila shamba, ua huo huo ndio uliokufanya mvamizi kwenye njia uliyopita ukiwa mtoto.

Karo nayo ikawa inaondolewa kwa awamu: 1974 kwa madarasa manne ya kwanza, 1979 kwa yaliyobaki, na tena 2003. Watoto wakaenda shule, na vizuri. Lakini hakuna bajeti iliyotenga pesa za kumlipa atakayekaa kwenye dungu. Mahindi yalikuwa yameshakita mizizi kabla ya hapo. Shule ilifanya tu kurudi kwenye mtama kuwe kugumu. Kuhusu mifugo, kuanzia 1980 mradi wa maziwa uliofadhiliwa na Waholanzi ulihimiza ng'ombe afungwe bandani na aletewe majani ya nepia. Zamani ng'ombe alitembea kufuata nyasi. Sasa nyasi zinatembea kumfuata ng'ombe, juu ya mgongo wa mama.

Hata lile koti la hindi limepata mwenyewe. Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika vilionekana Kenya mwaka 2017, na vinapenda kujificha mle mle kwenye moyo wa mmea na ndani ya maganda, ambako dawa haifiki kirahisi. Ushago watu wanatia jivu, kiganja kwa kiganja. Na mvua ikikosekana, wakulima wanaambiwa warudi kwenye mtama, kwa kuwa unavumilia ukame na viwanda vya bia vinaununua. Ushauri mzuri, ila anayeutoa hutaja mvua na soko, kisha anaingia kwenye gari kabla ya kufika kwa ndege.

Januari 2023 kwelea kwelea walivamia mpunga huko Kisumu. Serikali ilileta dawa ya kunyunyizia, ile ambayo huua pia mwewe na bundi wanaokula ndege waliokufa. Wakulima wao waliendelea na njia ya zamani: kelele, matope, kugonga mabati. Kwelea kwelea hula sana asubuhi na mapema, saa ile ile mtoto anapovaa yunifomu.