Buja iliyoigizwa Gisenyi

Mwaka 2016 Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, alitoa riwaya ya Petit Pays: mtoto Gaby anakulia kwenye kichochoro cha Kinanira mpaka vita inaingia nyumbani kwao. Filamu yake, ya Éric Barbier, ilitoka 2020. Lakini Burundi ya baada ya 2015 haikuwa mahali pa kupigia filamu, ndiyo maana Buja ikaigizwa hapa Gisenyi, na Kivu ikawa Tanganyika.

Siye tuliokimbia 2015 tunaujua mchezo huo. Jioni pale Rubona tunaucheza. Hata samaki wa hapa ametoka Tanganyika, akaletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mimi bado namwita ndagala. Mwanangu, aliyezaliwa hapa, ananisahihisha: “Mama, ni sambaza.”